Mwalimu wa Zedi na Asali Nyepesi

Sisi makarani wa ghala la asali tulimwita Mwalimu wa Zedi akiwa hayupo. Akiwepo tulimwita Mwalimu tu. Jina lake lilikuwa mlangoni pa chumba chake kwa rangi nyeupe, lakini sikumbuki kulisikia likitamkwa, isipokuwa tarishi alipoleta barua. Kwa hiyo sitalitaja. Kwao na ukoo wake pia nitavigusa pale tu panapohusika na nilichokiona mwenyewe.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Saba kati ya hiyo nilikaa naye chumba kimoja pale Tabora, meza yangu ikitazamana na yake, na katikati yetu mashine ya hesabu.

Mashine ilikuwa ya chuma, nyeusi, ukubwa wa kichwa cha cherehani, na upande wa kulia ilikuwa na mkono wa kuzungusha. Kuzidisha kwa nne ni kuzungusha mara nne kwenda mbele. Kugawanya ni kuzungusha kurudi nyuma mpaka kengele ndogo ya ndani ilie, ndipo ujue umepitiliza, urudishe mzunguko mmoja. Ukipoteza hesabu ya mizunguko unaanza upya. Ndiyo maana Mwalimu alikuwa na amri moja isiyojadiliwa: mashine ikizunguka, midomo ifungwe.

Siku moja nyoka aliingia kwa chini ya mlango. Siwema, karani mwenzetu kutoka Usoke, alipanda juu ya kiti, akanyoosha kidole, asitoe sauti. Mwalimu alimaliza kugawanya, akaandika jibu, akalipigia mstari, ndipo akageuka.

"Haya, kuna nini?"

"Nyoka, Mwalimu."

"Yuko wapi?"

"Kaondoka. Kachoka kusubiri jibu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa mwepesi wa kucheka, jambo ambalo wageni hawakulitegemea, kwa kuwa uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri habari mbaya. Lakini amri haikubadilika.

Kazi yetu ilikuwa kupima. Asali ililetwa kutoka pande za Sikonge na Ipole ndani ya madebe, mengine kwa lori, mengine nyuma ya baiskeli yakiwa yamefungwa kwa kamba za magome. Kila debe lilijazwa mpaka alama moja, kisha likawekwa kwenye mizani. Asali iliyokomaa ni nzito. Yenye maji mengi ni nyepesi, na ikikaa huchacha. Wakubwa walitaka kujua, kabla ya kupakia mabehewa, asali ipi inafaa kusafirishwa mbali. Mwalimu alikuwa amesomea takwimu nje ya nchi, akaletwa Tabora kwa mwaka mmoja kuanzisha utaratibu. Huo mwaka mmoja ndio uliokuwa mrefu kuliko yote niliyowahi kuisikia.

Alitufundisha alasiri, mara tatu kwa wiki. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane. Hakuanza na kitabu, alianza na ukuta wa ghala. Chini kabisa aliandika kwa chaki uzito wa madebe, kuanzia mdogo kwenda mkubwa, nusu kilo kwa nusu kilo, na kila debe lililopimwa mmoja wetu alikwenda kuweka alama ya msalaba juu ya uzito wake. Siku ya kwanza misalaba ilionekana kama kuku wamepita. Baada ya wiki mbili ilianza kupanda katikati na kuteremka pembeni, na mwisho wa mwezi palikuwa na umbo ukutani, pana chini, la mviringo juu, sawa kushoto na kulia.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Kichuguu," akasema Siwema.

Vitabu huliita umbo lile mkunjo wa kawaida. Mwalimu aliandika neno hilo ubaoni mara moja, akalifuta, na tangu siku hiyo akasema kichuguu.

Zedi aliifundisha hivi. Aliniuliza, "Debe lako lina kilo ngapi?" Nikasema ishirini na saba. "Hiyo ni habari ya debe. Mimi nataka habari ya debe miongoni mwa wenzake." Wastani wa madebe yetu ulikuwa kilo ishirini na nane. Kisha kulikuwa na mkengeuko, yaani kadiri ambavyo madebe hutawanyika kuuzunguka wastani. Wetu ulikuwa nusu kilo. Toa ishirini na nane kutoka ishirini na saba, gawanya kwa nusu. Nilizungusha, kengele ikalia, nikapata hasi mbili. Hiyo ndiyo zedi, ile herufi Z ya vitabu vya takwimu: debe langu lilikuwa hatua mbili chini ya wastani. Halafu akafungua jedwali alilolinakili kwa mkono, wino mweusi kwa namba, mwekundu kwa vichwa vya safu, akanionyesha kwamba katika madebe mia ya asali njema kabisa, kama mawili yatakuwa chini hata ya hapo.

"Yamefanya kosa gani hayo mawili?" aliuliza.

Nikasema labda yaliwekwa maji.

"Hapana. Hayakufanya kosa lolote. Lazima wawepo wa chini ili kichuguu kiwe kichuguu. Usimkamate mtu kwa sababu yuko pembeni."

Neno lake kubwa, alilolirudia mpaka Siwema akawa anamwigiza, lilikuwa hili: kabla ya wastani, uliza nani kakaa na nani. Aliwahi kutupa hesabu ya urefu wa watu kumi, tukatafuta wastani kwa bidii, tukampelekea. Akauliza, "Mmeuliza nani kakaa na nani?" Kumi wale walikuwa askari watano na watoto watano wa shule ya chekechea. Wastani wetu haukufanana na mtu yeyote aliye hai.

Sasa niseme juu ya kwao, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Alikuwa Mzaramo wa Bagamoyo, na sisi tuliomzunguka wengi tulikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo utani ulikuwa halali na haukukoma. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani hadi Unyanyembe, aliifanya mali yake. Alikuwa amepiga hesabu ya hatua kutoka mlango wa ghala mpaka nyumbani kwake, kwa hatua ya mpagazi mwenye mzigo na kwa hatua ya mtu asiye na mzigo, na akaziandika nyuma ya kalenda.

"Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu," alituambia, "wakaona bahari, wakaogopa, wakarudi."

"Walirudi kwa sababu hamkuwapa chakula," alijibu Siwema. "Na wewe je, Mwalimu? Umebeba nini mpaka huku?"

"Mashine."

"Basi itue urudi."

Siku hiyo hakucheka. Mke wake na watoto wawili walikuwa Bagamoyo katika nyumba ya mama yake, na kila mwaka aliandika barua ya kuomba uhamisho. Kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: hakuna mwingine anayeweza kazi, afundishe mtu kwanza. Kwa hiyo alipotufundisha alikuwa anachimba njia ya kutokea. Nilipokosea nilimwona akitazama kalenda. Hakunikaripia hata mara moja. Alifuta ubao, akaanza tena mwanzo, kwa sauti ile ile, na mimi nilijisikia kama mtu aliyekalia mlango wa mwenzake.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alidai usahihi wa gramu, na saa yake ya mkononi ilichelewa dakika kumi, naye hakuirekebisha. Alijumlisha kumi kichwani kila alipoitazama. Alivaa shati jeupe ghalani, mahali ambapo kila kitu kinanata. Na kubwa kuliko yote, hakula asali. Chai yake ilikuwa ya sukari. Sukari ilipoadimika madukani aliinywa chungu, huku madebe mia mbili yakiwa nyuma ya ukuta. Alisema asali inamkumbusha dawa. Katika miaka yote ile hakuwahi kuingia porini, hakuwahi kuona mzinga ukiwa juu ya mti. Asali kwake ilianzia mizani.

Na sisi, watoto wa warina asali, tulimwacha hivyo. Hatukudhani kwamba tuliyoyajua kwa baba zetu yalikuwa na nafasi darasani. Darasani palikuwa na zedi.

Halafu ikaja Operesheni. Watu waliokuwa wametawanyika kwenye miombo walihamishiwa vijiji vipya kando ya barabara. Mimi si mpinzani wa mambo yale. Shule niliyowasomeshea wanangu ilitokana nayo. Naeleza tu kilichotokea kwa asali. Zamani, msimu ukifika, wanaume walikwenda kupiga kambi porini wiki tatu, nne. Walipita mzinga mmoja baada ya mwingine, wakakata masega yaliyozibwa na nyuki kwa nta, wakaacha yaliyo wazi mpaka yakomae, wakayarudia. Sasa mizinga ilibaki kulekule, mwendo wa siku nzima, na mtu alipaswa kuwa na kibali ili alale nje ya kijiji. Kibali kilikuwa cha siku tatu. Katika siku tatu, mbili zikiwa za njia, unakata kila sega, lililozibwa na lililo wazi. Asali changa ina maji. Hakuna aliyeyatia. Ni ya nyuki wenyewe, hawajamaliza kuyakausha.

Wakati huo huo Meneja wetu alikuwa ameanza kuipenda zedi. Alikuwa mtu wa haraka, si mbaya, anayesukumwa kutoka juu.

"Mwalimu, nataka mstari," alisema mbele yetu. "Huku safi, huku wachakachuaji."

"Ndugu Meneja, mstari wa namna hiyo haupo. Hata asali safi, mawili katika mia..."

"Basi weka hapo kwenye mawili. Tisini na nane wakifurahi, wawili wakinuna, si sawa?"

Mwalimu aliangalia meza. Mbele ya Meneja palikuwa na faili la uhamisho wake, na safari hii barua ilikuwa imeandikwa tayari, haijatiwa saini. Sababu ya kumzuia ilikuwa imekwisha, kwa kuwa mimi nilikuwa naweza kazi. Akaweka mstari: kijiji ambacho wastani wake utakuwa chini ya zedi hasi mbili kitahesabiwa kwamba kimetia maji. Wastani na mkengeuko vilikuwa vya zamani, vya ule ukuta, vya asali ya kambi ndefu. Yeye, wa nani kakaa na nani, hakuuliza.

Madebe arobaini kutoka kijiji kipya cha njia ya Ipole yalifika asubuhi. Mpokeaji nilikuwa mimi. Nilichovya kidole, nikaonja. Ilikuwa nyepesi, ikichuruzika, na uchachu kidogo. Mtoto yeyote wa nyumbani kwetu angesema: hii ni changa. Nilijua pale pale. Kisha nikaingia ndani, nikapiga hesabu peke yangu kwa mara ya kwanza, Mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu. Kengele ikalia. Hasi mbili nukta sita.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Hasi mbili nukta sita.

Aliweka mkono begani kwangu. "Sasa naweza kwenda nyumbani," alisema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mashine ilikuwa imesimama. Sikusema. Nilifurahia ule mkono.

Siku hiyo hiyo alikamatwa kiongozi wa warina asali wa kijiji kile, mzee mwenye mizinga zaidi ya sitini, aliyeirithi na kuitundika kwa miaka mingi. Alifungiwa kwenye stoo ya ofisi ya kata kwa kosa la kutia maji asali ya umma. Ikithibitika, mizinga yake yote ingechukuliwa.

Siku ya tatu mke wake alikuja ghalani kwa miguu. Alikuwa mama mrefu, mnyamavu, amebeba sega limefungwa kwenye majani. Alimwamkia Mwalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na Mwalimu, aliyekwisha jifunza hilo angalau, akaitikia.

"Baba," mama alisema, "wanasema wewe ndiye unayejua."

"Najua nini, mama?"

Akafungua majani. Nusu ya sega ilikuwa imezibwa kwa nta, nusu ilikuwa wazi. "Hii, nyuki wamemaliza. Hii, bado. Mzinga mmoja, siku moja. Pima."

Mwalimu alitafuta vichupa viwili vya dawa vilivyolingana. Akakamulia kila kimoja nusu yake, akapima, akavibadilisha, akapima tena. Hakutumia mashine. Akamwuliza mama habari za kambi na za vibali, moja moja, na mama akajibu moja moja. Mama alipoondoka, Mwalimu alichukua kalamu, akachora kwenye karatasi vichuguu viwili vinavyopandana pembeni, kimoja kushoto na kimoja kulia.

"Si watu wamoja," alisema, si kwangu wala kwa Siwema. "Nimewakalisha pamoja watu wasio wamoja."

Siwema akasema, "Basi nenda kwa Meneja, Mwalimu. Ni hatua ishirini. Hizo hukuzipigia hesabu?"

Hakwenda. Siku ya nne hakwenda, wala ya tano. Barua yake ilikuwa bado haina saini, na Meneja alikuwa ameahidi kuitia kabla ya wiki ya pili kwisha. Alikuja kazini kwa wakati, akajumlisha dakika zake kumi, akapima madebe. Hakufundisha. Alikuwa akisimama dirishani akifungua na kufunga kifungo cha mkono wa shati. Sikuwahi kumwona mtu akiwa mahali peupe namna ile na amefungwa namna ile. Siku ya saba barua ikatiwa saini. Aliiweka mfukoni mwa shati, akaenda nayo kwake.

Siku ya nane asubuhi alikwenda kwa Meneja. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia yote.

"Mstari wangu si sahihi kwa vijiji vipya. Naomba mzee yule aachiwe. Nimeandika hapa sababu."

"Umegundua lini?"

"Siku ya tatu."

Ikaja sauti ya Meneja, ya upole, na hiyo ndiyo iliyotuogopesha. "Mwalimu, nimekwisha peleka ripoti juu. Nimeandika kwamba njia yako haikosei. Sasa ukiikana, nitakuachaje uende, na kumwachia mashine kijana uliyemfundisha njia hiyo hiyo? Nipe ile barua."

Akampa. Alirudi kwenye kiti chake, akaketi kunitazama, na mfuko wa shati ulikuwa mtupu.

Mzee aliachiwa mchana ule. Lakini mizinga haikungoja siku nane. Siku ya sita ilikuwa imegawanywa kwa kijiji, na waliogawiwa walikuwa wamekwisha ivuna yote bila kubakiza sega, nyuki wakahama. Nilisikia baadaye kwamba mzee alikwenda kukaa kwa binti yake upande wa Urambo na hakutundika mzinga tena. Mstari uliondolewa kimyakimya, na hakuna aliyeombwa radhi kwa maandishi.

Mwalimu alibaki. Aliandika barua za uhamisho miaka miwili zaidi, kisha akaacha. Mimi baadaye nilihamishiwa idara nyingine, nikanunua vitabu vya takwimu kimoja kimoja, vingine bila majalada, na nikavisoma peke yangu mpaka nikayaelewa yale ambayo yeye alikuwa akiyaruka ili tusichoke. Lakini kila nilipofika ukurasa wenye ule mkunjo nilionja uchachu.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amestaafu, anaishi chumba cha kupanga mtaa wa Ng'ambo. Nilikuwa nimesikia kwamba amekwenda kwao, nikashangaa kuambiwa amerudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pita, pita. Umenenepa. Zedi yako ni ngapi siku hizi?"

Nikamwuliza habari za Bagamoyo.

"Nilikaa miezi miwili. Mama alishafariki, unajua. Yule mama wa watoto aliolewa na mwingine zamani, na alifanya sawa. Watoto ni watu wazima, wananiita wewe, si baba." Alicheka kidogo. "Na mtaani wananiita Mnyamwezi. Nikitembea wanasema Mnyamwezi kapita. Nikaona nirudi huku ambako angalau mimi ni Mzaramo."

Tulikunywa chai. Kisha nikamwambia nililokuja kumwambia. Nilimweleza juu ya madebe arobaini, kidole changu, na kwamba nilijua asali ile ni changa kabla sijagusa mashine.

Aliweka kikombe chini polepole.

"Siku ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Mimi ya tatu." Vidole vyake vilihesabu juu ya meza, na nikajua anatoa tatu kutoka nane. "Miaka yote hii nimekuwa nikizibeba zile siku tano nilizonyamaza. Nilidhani hakuna mwingine mwenye siku."

"Mimi ninazo saba, Mwalimu."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "Nikuulize, na usinijibu kwa adabu. Ungeniambia asubuhi ile, ningekusikiliza?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitafuta miaka mingi, na kila njia niliyoipita ilinileta hapo hapo.

"Hapana. Ungesema hayo ni mambo ya porini."

"Ndivyo ningesema," alikubali, na kichwa chake kikaenda chini na juu, kama zamani jibu likilingana na kitabu. "Lakini wewe ungekuwa umesema."

Alinyanyuka kufunga dirisha, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza kuingiza vumbi la barabarani, na alipomaliza alibaki amesimama pale, mgongo kwangu, mkono ukiwa bado kwenye kitasa.